Leo Fender: Mhasibu asiyejua kupiga gitaa aliyelipatia gitaa sauti

MPIGA gitaa anayenunua spika mpya na kuifunga katika amplifaya yake ya vali hukutana na jambo linalomkera. Siku ya kwanza sauti hutoka kavu na kali, yenye kuchoma masikio, kana kwamba ndani ya sanduku mna mtu aliyelazimishwa kuimba.

Baada ya wiki kadhaa za kutumika, spika ile ile hubadilika. Ukali hupungua, sauti nzito hujaa, na noti huanza kuitika kadiri kidole kinavyougusa uzi. Mafundi huiita kazi hiyo kuizoeza spika. Wapo wapigaji walio tayari kulipa fedha nyingi kwa spika kuukuu ya miaka ya 1950 kuliko kwa mpya iliyotoka kiwandani jana, kwa sababu tu karatasi yake imekwisha kufanya kazi.

Masanduku yaliyoufanya uzoefu huo kuwa sehemu ya maisha ya wapiga gitaa yalibuniwa, kwa sehemu kubwa, na mtu ambaye hakuwa mwanamuziki hata kidogo. Alisomea uhasibu, akajifunza ufundi wa redio mwenyewe, akaishi na jicho moja tangu utotoni, na mpaka anafariki dunia mwaka 1991 hakuwa amejifunza kupiga gitaa. Aliitwa Clarence Leonidas Fender. Dunia ilimjua kwa jina la Leo.

Leo Fender alizaliwa Agosti 10, 1909 katika eneo la mashamba lililo kati ya miji ya Anaheim na Fullerton, kusini mwa California nchini Marekani. Wazazi wake walikuwa wakulima wa machungwa. Akiwa na umri wa miaka minane alipata uvimbe katika jicho moja, madaktari wakaling'oa na kumwekea la kioo. Miaka mingi baadaye ndilo lililomzuia kuingia jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili, na hivyo kumwacha nyumbani na vyuma vyake.

Mwaka 1922 mjomba wake, aliyekuwa na karakana ya umeme wa magari mjini Santa Maria, alimpelekea sanduku la vipuri vya redio vilivyotupwa pamoja na betri. Mwaka uliofuata kijana huyo alikwenda kumtembelea. Mbele ya karakana alikuta redio ambayo mjomba ameiunda kwa vipuri, ikitoa muziki kwa sauti kubwa iliyosikika hadi barabarani. Mwenyewe alikiri uzeeni kwamba sauti ile iliyotoka katika spika haikumtoka kichwani maisha yake yote. Inafaa kulikumbuka hilo, maana wengi wanaomwandika Fender huanza na gitaa, ilhali yeye alianza na spika.

Pamoja na mapenzi hayo, alipomaliza shule ya sekondari mwaka 1928 hakwenda kusomea umeme. Alijiunga na chuo cha Fullerton kusoma uhasibu. Alijaribu piano, kisha saksafoni, na hakuna alichokifikisha mbali. Ajira yake ya mwanzo ilikuwa kusambaza barafu kwa kampuni moja ya Anaheim, ambayo baadaye ilimpa kazi ya kutunza vitabu vyake vya hesabu.

Katika kipindi hicho kiongozi mmoja wa bendi alimwomba amtengenezee mitambo ya kupazia sauti kwa ajili ya kumbi za dansi za Hollywood. Fender alitengeneza mitambo sita. Mwaka 1934 alimwoa Esther Klosky, akahamia San Luis Obispo kufanya kazi ya uhasibu katika idara ya barabara ya jimbo. Huo ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Kazi ya serikali iliondoka, akapata nyingine katika kampuni ya matairi, nayo baada ya miezi sita ikampunguza pamoja na wahasibu wenzake.

Mwaka 1938, akiwa hana kazi, alikopa dola 600, akarejea Fullerton na kufungua duka la kutengeneza redio. Aliliita Fender Radio Service.

Duka hilo lilikuwa shule yake halisi. Wanamuziki wa mji walikuwa wakimletea amplifaya zilizoharibika, na kila iliyowekwa mezani ilimwonyesha kosa la aliyeitengeneza: waya uliopita mahali pabaya, transfoma iliyobebeshwa mzigo usio wake, sanduku lililopasuka kwa kupakiwa na kupakuliwa garini kila usiku. Alipokuja kutengeneza za kwake, zilikuwa nyepesi kufungua na nyepesi kutengeneza. Fundi wa leo anayefungua amplifaya ya Fender yenye umri wa miaka 65 huona mpangilio ambao hata mwanafunzi anaweza kuufuata kwa kidole.

Wakati wa vita alishirikiana na Clayton Orr Kauffman, aliyejulikana zaidi kwa jina la Doc, ambaye alikuwa amefanya kazi na kampuni ya Rickenbacker. Walianzisha kampuni ya K&F, na kuanzia mwaka 1945 wakauza magitaa yale yanayolazwa mapajani kwa mtindo wa Hawaii, kila moja pamoja na amplifaya yake ndogo. Kauffman aliogopa madeni, akajitoa mwaka 1946. Fender aliendelea peke yake na kuipa kampuni jina lake.

Ili kuelewa alichokuwa akikitafuta, ni lazima kujua kinachotokea ndani ya sanduku. Uzi wa gitaa la umeme unapotikisika juu ya sumaku iliyozungushiwa waya, huzaa umeme hafifu mno. Umeme huo hupitishwa katika vali, yaani vile vitaa vya kioo vilivyokuwamo ndani ya redio za zamani, ambavyo huukuza hatua kwa hatua. Kisha transfoma huubadilisha uwe wa kufaa kusukuma spika. Mwisho wa safari ni koili ya waya iliyoning'inia katikati ya sumaku nzito, ikiwa imegundishwa kwenye koni ya karatasi. Koili ikisukumwa mbele na nyuma, koni huisukuma hewa, nayo hewa ndiyo sauti.

Koni hiyo imeshikiliwa mahali pawili. Ukingoni kuna mikunjo ya karatasi au kitambaa, na nyuma karibu na koili kuna kitambaa kilichokunjwakunjwa na kukaushwa kwa gundi. Spika inapotoka kiwandani, mikunjo hiyo ni migumu kama ukosi wa shati jipya lililotiwa wanga. Koni haiwezi kutembea umbali wote iliyopangiwa, na sauti nzito, ambazo ndizo huhitaji mwendo mrefu, hubanwa. Kinachobaki kusikika zaidi ni ukali.

Kadiri spika inavyopigishwa, nyuzi za karatasi na gundi ya kitambaa hulegea kidogo. Vipimo huonyesha kwamba mtikisiko wa asili wa spika hushuka kwa hezi chache, na sehemu kubwa ya badiliko hilo hutokea mapema, katika saa za mwanzo za kazi. Baada ya hapo mabadiliko huwa ya pole pole. Wahandisi wapo wanaoshikilia kwamba kinachozoea zaidi ni sikio la mpigaji kuliko karatasi. Wapigaji huwajibu kwa kuweka spika mbili za aina moja kando kwa kando, moja mpya na moja iliyotumika mwaka mzima. Ubishi huo haujaisha, ingawa ukweli huenda umegawanyika pande zote mbili, kwa kuwa karatasi hulegea kweli na sikio nalo huzoea kweli.

Namna ya kuizoeza spika si siri. Mafundi wengi hushauri ipigwe kwa sauti ya wastani iliyo safi, kwa nyuzi nzito na kodi zilizojaa, kwa saa kadhaa kabla haijabebeshwa mzigo wake wote. Wapo wanaoiunganisha na umeme wa nyumbani uliopunguzwa nguvu kwa transfoma hadi volti chache na kuiacha inguruma kwa saa nyingi, kazi ambayo haimfai asiye fundi. Jambo moja halina mjadala: amplifaya ya vali haiwashwi na kupigwa bila spika kuunganishwa, kwani transfoma yake ya kutolea sauti inaweza kuungua.

Fender hakuwa na subira ya nadharia. Michoro yake ya mwanzo ilitokana na ile iliyochapishwa na watengenezaji wa vali wenyewe, kisha akawa anabadilisha kitu kimoja baada ya kingine na kusikiliza. Kwa kuwa hakuweza kupiga, aliwakabidhi wanamuziki. Kusini mwa California ya baada ya vita ilikuwa imejaa watu waliohamia kutoka Oklahoma na Texas, na kumbi za dansi zilikuwa na kazi kila mwisho wa wiki. Mwanamuziki alichukua amplifaya mpya, akaipiga usiku kucha mbele ya wachezaji, akairudisha na malalamiko. Inasimuliwa kwamba mara nyingine Fender mwenyewe alipanda jukwaani na bisibisi katikati ya wimbo, akainama nyuma ya sanduku na kuanza kulirekebisha huku mwenye kupiga akiendelea.

Desturi hiyo ilikuwa na faida ambayo haitajwi mara nyingi. Mtengenezaji anayejaribu amplifaya mezani huisikia ikiwa mpya. Fender alizisikia zikiwa zimekwisha kutoka jasho. Malalamiko yaliyomfikia hayakuwa ya spika ngumu ya siku ya kwanza, bali ya spika iliyobebwa, iliyotikiswa na kuzoezwa kwa kazi ya kweli. Alichokitengeneza ni chombo kilichokusudiwa kuzeeka.

Mwaka 1946 zilitoka amplifaya zake za mwanzo zenye jina la Fender, zikiwa katika masanduku ya mbao ngumu zilizong'arishwa. Baadaye alizifunika kwa kitambaa kizito cha rangi ya kaki, mfano wa kile kilichotumika kwenye masanduku ya safari, na ndizo zinazotafutwa hadi sasa na wakusanyaji. Spika nyingi za kipindi hicho zilitoka kwa kampuni ya Jensen ya Chicago. Zilikuwa na koni nyepesi, zenye kuitikia upesi, na zenye kupasuka upesi pia.

Kazi nyingine za miaka hiyo zinajulikana na zitatajwa kwa ufupi. Mwaka 1950 alitoa gitaa la umeme la ubao mzima lisilo na tundu, ambalo mwaka 1951 lilipata jina la Telecaster baada ya kampuni ya Gretsch kulalamika kuwa jina la mwanzo lilifanana na la ngoma zake. Mwaka 1954 lilifuata Stratocaster. Kati ya hayo mawili, mwaka 1951, alitoa gitaa la besi aliloliita Precision Bass.

Besi hiyo ndiyo iliyoleta taabu mpya, na ndiyo iliyofika mbali zaidi na nyumbani kwake. Kabla yake mpiga besi alisimama na chombo kirefu kama mtu, ambacho hakikusikika vizuri mbele ya matarumbeta na hakikuenea garini. Bendi za dansi za Afrika Mashariki na Kongo za miaka ya 1960 na 1970, zilizojengwa juu ya magitaa ya solo, rizimu na besi, zisingekuwa na umbo lile kama besi isingekuwa gitaa la kuvaliwa begani na kuchomekwa kwenye amplifaya.

Lakini noti ya chini ya besi huisukuma koni mbali mno. Mwaka 1952 Fender alitoa amplifaya maalumu kwa ajili yake, akaiita Bassman, yenye spika moja ya inchi 15. Mzigo wote uliangukia koni moja. Mwishoni mwa mwaka 1954 aliibadilisha na kuweka spika nne za inchi 10, ili kila moja ibebe robo ya kazi. Nne hizo kwa pamoja zilisukuma hewa nyingi kuliko ile moja kubwa, na kwa kuwa kila koni ilikuwa ndogo na nyepesi, ziliitika kwa wepesi.

Matokeo hayakuwa yale aliyoyataka. Wapiga besi waliipokea kwa kiasi. Waliokimbilia Bassman ni wapiga gitaa la kawaida, wakiwamo wa muziki wa blues, ambao waligundua kwamba ikifunguliwa sauti hadi karibu na mwisho, vali huanza kulemewa, koni nne zilizolegea huanza kukoroma, na noti moja hujaa ukumbi.

Fender hakuupenda mkoromo huo. Yeye aliuona ni kasoro ya mtambo, na kila aina mpya aliyoitoa ilikusudiwa kuisukuma kasoro hiyo mbali zaidi ili sauti ibaki safi hata ikiwa kubwa. Muziki alioupenda ulikuwa wa magitaa ya mapajani ya California, wenye sauti angavu kama kengele. Vijana nao walikuwa wakienda upande mwingine. Mwaka 1958 Link Wray alitoboa matundu kwa penseli katika koni ya spika ili kupata sauti ya kuchanika aliyoitaka katika wimbo wa Rumble. Mwaka 1964 huko London, Dave Davies wa kundi la The Kinks aliichana koni ya amplifaya yake ndogo kwa wembe. Hao hawakuwa na muda wa kuizoeza spika. Waliizeesha kwa siku moja.

Aliyempa Fender mtihani mgumu kuliko wote alikuwa kijana aliyeitwa Dick Dale, aliyekuwa akiwajaza maelfu ya vijana wa pwani katika ukumbi wa Rendezvous, eneo la Balboa. Dale alipiga nyuzi nene kwa nguvu na kasi isiyo ya kawaida, na alitaka sauti iushinde umati. Amplifaya alizopewa ziliungua moja baada ya nyingine, na spika zilichanika. Fender hakuelewa sababu mpaka alipokwenda ukumbini yeye na msaidizi wake, Freddie Tavares, wakasimama katikati ya umati na kusikia wenyewe.

Walichokiona usiku ule ni kwamba miili ya watu huimeza sauti. Amplifaya iliyotosha katika chumba tupu cha kiwanda haikutosha mbele ya maelfu. Fender aliongeza nguvu mpaka karibu wati 85, kisha akakabiliwa na tatizo la pili: hapakuwa na spika ya kawaida ya gitaa iliyoweza kuhimili nguvu hizo usiku baada ya usiku. Alikwenda kwa kampuni ya JBL, iliyoanzishwa na marehemu James B. Lansing. Huko ilikuwapo spika ya inchi 15 iitwayo D130, yenye koili yenye upana wa inchi 4 na sumaku nzito. JBL iliirekebisha kwa ajili ya gitaa, ikaongezwa herufi F mwishoni mwa jina lake. Amplifaya iliyoibeba, iliyotoka mwaka 1960, iliitwa Showman. Baadaye Dale alidai spika mbili ndani ya sanduku moja, akapewa.

Hapo Fender alikuwa amefika alikokusudia tangu alipoisikia redio ya mjomba: sauti kubwa isiyochafuka. Ni kejeli ya historia kwamba wakati huo huo, upande wa pili wa bahari, watu walikuwa wakiinakili amplifaya aliyokuwa akiiacha. Jim Marshall, mpiga ngoma mwenye duka la ala za muziki huko Hanwell, magharibi mwa London, pamoja na mafundi wake walichukua mchoro wa Bassman na kuutengeneza upya kwa vipuri vilivyopatikana Uingereza. Waliufungia spika nne za inchi 12 za Celestion katika sanduku lililozibwa nyuma. Sauti nzito ya muziki wa rock wa Uingereza ilizaliwa humo, na mzizi wake ni fundi wa Fullerton ambaye asingekaa dakika kumi kuisikiliza.

Kufikia mwaka 1964 Leo Fender alikuwa mgonjwa. Kwa miaka kadhaa maambukizi ya bakteria katika matundu ya pua yalikuwa yakimrudia, na hakuna dawa iliyomponya. Aliamini kuwa hana muda mrefu wa kuishi. Hakuwa na mtoto wa kumrithi. Kiwanda kilikuwa kimekua kuliko uwezo wa mtu aliyependa kukaa mezani na kusikiliza. Alimweleza Don Randall, aliyekuwa akiongoza mauzo, kwamba yuko tayari kuuza.

Januari 1965 kampuni ya utangazaji ya CBS iliinunua kwa dola milioni 13. Kiasi hicho kilizidi dola milioni 11.2 ambazo CBS hiyo hiyo ilikuwa imelipa mwaka mmoja kabla kwa asilimia 80 ya timu ya beseboli ya New York Yankees. Kwa mtu aliyeanza na mkopo wa dola 600, hayo yalikuwa mafanikio makubwa kwa kipimo chochote. Hata hivyo ni vigumu kusoma habari za miaka iliyofuata bila ya kuhisi kwamba aliuza mapema mno.

Maana hakufa. Muda si mrefu baada ya mauzo alibadilisha daktari, akapewa matibabu mengine, na ugonjwa uliomsumbua miaka yote hiyo ukaisha. Akawa mzima, tajiri, mwenye umri wa miaka hamsini na kitu, na kampuni yenye jina lake ikiwa mikononi mwa wengine. Alibaki kuwa mshauri hadi mwaka 1970, ushauri ambao kwa sehemu kubwa haukutafutwa. Mwaka 1966 CBS ilitoa amplifaya za transista zenye jina la Fender, zilizotarajiwa kuzifukuza vali sokoni. Nyingi ziliharibika, wapigaji wakazikataa, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 zikaachwa. Amplifaya za vali ziliendelea kuuzwa.

Fender alirudi kazini. Pamoja na watu waliokuwa naye zamani, Forrest White na Tom Walker, aliingia katika kampuni iliyopewa jina la Music Man mwaka 1974, naye akawa rais wake mwaka 1975. Amplifaya za Music Man zilichanganya mambo mawili, transista mwanzoni mwa njia ya umeme na vali mwishoni, kabla tu ya spika. Baadaye alitofautiana na wenzake, na kuanzia mwaka 1979 akaanzisha kampuni ya G&L pamoja na George Fullerton, aliyekuwa fundi wake tangu mwaka 1948.

Mwaka huo huo wa 1979 mkewe Esther alifariki kwa saratani. Ndiye aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya simu wakati duka la redio halijaweza kuwalisha wote wawili, na historia za gitaa humtaja kwa mstari mmoja tu, kama zinamtaja. Fender alioa tena mwaka 1980.

Miaka yake ya mwisho alisumbuliwa na ugonjwa wa Parkinson. Mikono ilitetemeka lakini hakuacha kwenda karakana. Kampuni aliyoiuza ilikuwa imenunuliwa kutoka CBS mwaka 1985 na kundi la wafanyakazi wake lililoongozwa na Bill Schultz, nayo ikaanza kutazama nyuma. Mwaka 1990 ilitoa upya Bassman ya mwaka 1959, yenye spika nne za inchi 10 na kitambaa chake cha kaki. Walioinunua walikuta mchoro ule ule na sanduku lile lile, ila koni zilikuwa mpya na ngumu, na walilazimika kuanza kazi ambayo wapigaji wa kumbi za dansi walikuwa wameimaliza miaka thelathini nyuma.

Leo Fender alifariki dunia mjini Fullerton Machi 21, 1991, akiwa na umri wa miaka 81. Mwaka uliofuata jina lake liliingizwa katika Jumba la Heshima la Rock and Roll, na mwaka 2009 alitunukiwa Grammy ya mchango wa kiufundi. Katika kiwanda cha G&L, kilichokuwa kwenye barabara iliyopewa jina lake, chumba alichofanyia kazi kiliachwa kwa miaka mingi kama alivyokiacha yeye, zana zikiwa mezani.